Ripoti za wakaguzi wa vyuo zitoke kabatini

Kipindi cha udahili kikifika, kuta za mji wa Dodoma hujaa matangazo ya vyuo. Afya, uhasibu, ualimu, usimamizi wa rasilimali watu. Ada kwa awamu, hosteli zipo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna namba ya usajili inayoanza na REG na mikwaju yake. Mzazi aliyetoka Kongwa au Manyoni huisoma namba ile na kuridhika kwamba chuo kimepimwa. Na kweli kimepimwa. Ila namba haimwambii kilipimwa kwa kipi, kilipungukiwa wapi, wala kimepewa muda gani wa kujirekebisha. Hayo yameandikwa kwenye ripoti ya wakaguzi, na ripoti hiyo yeye hataiona.

Wapimaji wenyewe ni wawili. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo Kikuu cha St. John's viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza kazi 2005 na kuchukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Chuo cha Mipango, tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na vyuo vya kati vya afya viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ambalo hadi 2021 tulilijua kama NACTE. Majina yanachanganya, lakini njia ni karibu moja. Chuo kinajitathmini chenyewe na kuandika. Jopo la wataalamu, wengi wao wakitoka vyuo vingine, linakuja kutazama kama yaliyoandikwa yapo, linazungumza na wahadhiri na wanafunzi, linapeleka taarifa, kisha mamlaka inaamua. Ithibati, yaani uthibitisho kwamba chuo kimefikia viwango, ikitoka huwa na muda wake. Ukiisha, chuo kinarudi kwenye mizani.

Ubishi wa miaka mingi uko kwenye kinachowekwa juu ya mizani hiyo. Sehemu kubwa ni vitu vya kuhesabika: wahadhiri wangapi wa kudumu na wana shahada gani, maabara, vitabu, madarasa, hati ya ardhi, hesabu za fedha zilizokaguliwa, mtaala ulioidhinishwa. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kitu kinachohesabika ni kigumu kukipindisha kwa maneno. Mkaguzi hahitaji kuamini kwamba mkuu wa chuo ana nia njema. Anafungua mlango wa maabara na kuona kama darubini zipo. Baada ya ukaguzi uliofanyika mwishoni mwa 2016, TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na katika vyuo vingine 22 ikasimamisha udahili kwenye programu 75. Kelele zilikuwa nyingi. Lakini chuo kinachofundisha uuguzi bila walimu wa uuguzi hakina cha kujitetea, na mgonjwa atakayehudumiwa na mhitimu wake hatauliza kama mwenye chuo alikuwa bado anatafuta mtaji.

Upande wa pili nao hausemi uongo. Sharti la shahada za juu halina uzito mmoja kila mahali. Matangazo ya kazi ya mhadhiri msaidizi huomba GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.0 kwenye uzamili na 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Mwenye alama hizo na uzamivu juu yake anatafutwa na vyuo vyote vikubwa nchini. Kumshawishi ahamie Singida au Hombolo kwa mshahara wa chuo kidogo ni kazi. UDOM yenyewe ilipofungua milango 2007 ilijaza nafasi nyingi kwa vijana wenye shahada ya kwanza, kisha ikawasomesha. Iliweza kwa sababu nyuma yake kulikuwa na serikali. Chuo cha dayosisi au cha watu watatu waliochangishana hakina mgongo wa namna hiyo, na orodha ya vyuo vilivyozuiwa 2017 ilitawaliwa na vyuo binafsi. Mtu akisema mizani hii inamwelemea mdogo, sioni wa kumkatalia kirahisi.

Kisha kuna michezo ya msimu wa ukaguzi, ambayo kila aliyefanya kazi chuoni anaijua hata kama hataisema mbele ya bosi. Kuta zinapakwa rangi. Mafaili yaliyolala miaka mitatu yanajazwa kwa wiki moja. Mhadhiri wa kuazima anapewa ofisi, jina lake likibandikwa mlangoni na gundi haijakauka. Wanafunzi wanapangwa: nani ataongea na jopo na nani akae hosteli. Mizani ya kuhesabu huvutia ujanja wa kuhesabu.

Ndiyo maana wengine wanasema tuache kuhesabu viti, tumpime mhitimu. Inapendeza kusikia. Tazama basi yaliyotokea Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambako mwenye shahada ya sheria hupita kabla ya kuwa wakili. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya wanafunzi 633: waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 265, na 342 wakadisco, yaani wakaondolewa masomoni. Wote hao walikuwa na shahada kutoka vyuo vinavyotambuliwa. Kama kuna siku ithibati yetu iliwekwa kizimbani, ni siku ile. Vyuo vikasema shule inakomoa. Waalimu wa shule wakasema wanaletewa watu wasioweza kuandika hoja. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Matokeo yalionyesha kuna ugonjwa. Hayakuonyesha uko wapi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuchukua ripoti ya ukaguzi ya kitivo fulani cha sheria, akaiweka pembeni ya majina ya waliofeli, akasoma.

Kipimo cha ajira kina kasoro mbaya zaidi. Chukua ndaki ya elimu, kitengo cha chuo kinachofundisha walimu. Mhitimu wake anaajiriwa pale serikali inapotoa kibali cha ajira za walimu. Kibali kisipotoka, anaendesha bodaboda hata kama alifundishwa vizuri kuliko wote. Ukikishusha chuo daraja kwa sababu hiyo, unakiadhibu kwa uamuzi wa Hazina. Na hapo hatujaenda kwa wahitimu wa programu zinazolenga kujiajiri, ambao sijui nani atawafuata mashambani Bahi kuwauliza wanaingiza shilingi ngapi.

Basi tuweke madaraja, wanasema wengine, chuo kipewe A au B kama mtoto wa shule. India walifanya hivyo kwa miaka mingi kupitia NAAC, taasisi yao ya ithibati iliyoanzishwa 1994, na daraja la juu kabisa lilikuwa A++. Februari 2025 wapelelezi wa CBI waliwakamata wakaguzi wa jopo la NAAC, mwenyekiti wao akiwemo, kwa tuhuma za kupokea rushwa ili chuo kimoja kipewe daraja hilo. Herufi moja ikishabeba thamani ya mamilioni ya ada, bei yake hupanda. Kwetu hapa sitaki hata kufikiria.

Kwa hiyo mimi siko na wanaotaka kuivunja mizani ya sasa. Kwa chuo kipya, hesabu na ziwe kali, kwa sababu hakina mhitimu wa kupimwa. Ninachokidai ni kidogo, na naamini kina nguvu kuliko kubadili vigezo kila baada ya miaka michache: ripoti zisomwe. Uingereza, ripoti za wakaguzi wa QAA, wakala wa ubora wa elimu ya juu, zimewekwa mtandaoni kwa miaka mingi, mapungufu yakiwemo. Huku kwetu umma hupata matokeo ya mwisho tu, kimepita au kimezuiwa, na kati ya hayo mawili kuna ukimya wa miaka.

Nitajibiwa kwamba kuchapisha mapungufu ya chuo kichanga ni kukiua. Wanafunzi watakimbia, ada itakauka, na hata pesa ya kuajiri mhadhiri aliyekosekana haitapatikana. Ni hoja ya kweli na kuna vyuo itavigusa. Lakini ukimya nao una gharama, na anayelipa hajakaa mezani. TCU ilipofunga matawi ya Chuo Kikuu cha St. Joseph huko Songea na Arusha mwaka 2016, wanafunzi ndio walioburuta mabegi kuhamia vyuo vingine katikati ya masomo. Mei mwaka huohuo, hapa Dodoma, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliambiwa waondoke UDOM baada ya wahadhiri kugoma kufundisha programu yao. Hilo la pili halikuwa suala la ithibati, na chuo ni cha umma, lakini stendi ilijaa vijana vilevile. Chuo dhaifu kinachoyumba hadharani kinampa mwanafunzi nafasi ya kuchagua mapema. Kinachoyumba kimyakimya kinamwangusha akiwa mwaka wa pili.

Wala si kazi kubwa. TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka unaoorodhesha programu kwa programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo na nafasi. Ongeza safu tatu: wahadhiri wa kudumu wa programu hiyo, upungufu mkuu uliotajwa na jopo la mwisho, na tarehe chuo kilipotakiwa kuwa kimeurekebisha. NACTVET wafanye vivyo hivyo kwa vyuo vya afya, ambako nadhani haja ni kubwa zaidi. Hakuna jopo jipya la kuunda wala safari ya ziada ya kulipia. Yote matatu hutakiwa kuwa yameshaandikwa jopo linapomaliza kazi yake.