Malory: mtuhumiwa aliyewatungia mashujaa kiapo

Katika hadithi za Mfalme Arthur, mfalme wa hekaya za Uingereza, kama alivyozisimulia Sir Thomas Malory katika kitabu chake Le Morte Darthur, kila Pentekoste mashujaa wa Meza ya Duara hula kiapo. Wasitende jeuri wala kuua kwa dhuluma, wajiepushe na uhaini, wamhurumie anayeomba huruma, wawatetee wanawake na wajane, na wasiwaingilie kwa nguvu kamwe. Atakayevunja hili ni kifo. Katika vitabu vya Kifaransa alivyotumia Malory, kiapo hiki hakijaonekana. Inaelekea alikitunga mwenyewe. Na Malory anayetajwa na wataalamu wengi kuwa ndiye mwandishi alishtakiwa kwa kubaka.

Huyo ni Malory wa Newbold Revel, Warwickshire, aliyekuwa mbunge mwaka 1445 na kufariki Machi 1471. Wapo waliojaribu kumwondoa kwenye orodha. Mwaka 1966 mtaalamu William Matthews alimpendekeza Malory mwingine, wa Yorkshire, akisema huyu wa Warwickshire alikuwa amezeeka mno na asingepata vitabu vya rejea akiwa kifungoni. Hoja ya umri ilidhoofika pale mtaalamu mwingine, P. J. C. Field, aliposogeza mwaka wa kuzaliwa hadi kati ya 1415 na 1418. Kitabu chenyewe kinasema kiliandikwa na mtu mwenye cheo cha Sir aliyekuwa mfungwa, na wapinzani hawajamleta Malory mwingine mwenye sifa zote mbili.

Tukimkubali huyo, tunalazimika kulisoma faili lake. Anadaiwa kumvizia Mtawala (Duke) wa Buckingham mnamo Januari 1450 akiwa na watu 26 wenye silaha. Juni 1451, ng'ombe 7, ndama 2 na kondoo 335 waliibwa, naye akatajwa. Julai alikamatwa na kuwekwa katika nyumba moja ya Coleshill. Siku ya pili usiku akaogelea handaki la maji lililoizunguka nyumba, akatoroka, kisha akadaiwa kuvunja milango ya abasia (nyumba ya watawa) ya Coombe na kupora. Miaka mitatu baadaye akatoroka tena, safari hii kwenye ngome ya Colchester, kwa panga na majambia.

Wanaomtetea wana jambo zito mkononi. Mashtaka yalisikilizwa Nuneaton, Agosti 1451, na miongoni mwa majaji alikuwepo Buckingham mwenyewe. Aliyedai kuviziwa ndiye aliyekalia kiti cha hukumu! Malory alikana yote, akazungushwa gereza hadi gereza kwa miaka, na hakuna kesi iliyofikishwa mwisho. Zilikuwa nyakati za koo kubwa kugombania kiti cha enzi cha Uingereza, na kumfungulia hasimu mashtaka ilikuwa silaha kama mkuki. Hata hivyo, chuki ya Buckingham haielezi kila kitu. Mfalme Edward wa Nne, wa upande uliompindua mfalme wa akina Buckingham, alipotoa msamaha wa jumla mwaka 1468, alimtaja Malory kwa jina kuwa hamhusu. Mtu huyo alikuwa na kipaji cha kuudhi pande zote.

Shtaka la kubaka, linalomhusu mke wa mtu aitwaye Joan Smith, ndilo linalosumbua zaidi. Hati inasema Malory alimchukua kwa nguvu mara mbili, Mei na Agosti 1450. Watetezi hushika neno la Kilatini *raptus*, ambalo kisheria lilibeba pia maana ya kumtorosha mwanamke. Sheria ya mwaka 1382 ilimruhusu mume kushtaki hata kama mke aliridhia. Kwa hiyo, wanasema, huenda walikuwa wapenzi na mume akaona wivu. Hoja hiyo ni halali, lakini inaruka nusu ya sentensi: hati inaongeza wazi kwamba alilala naye kimwili. Neno moja lenye maana mbili halitoshi kumsafisha, kama vile tuhuma isiyosikilizwa haitoshi kumhukumu. Joan mwenyewe hatumsikii popote. Tunasikia sheria ya mumewe tu.

Sasa rudi kwenye kiapo. William Caxton alipokipiga chapa kitabu, tarehe 31 Julai 1485, alikigawa katika vitabu 21, na katika toleo lake kifungu cha wanawake katika kiapo kinaishia kwenye kuwasaidia. Maneno ya kutowaingilia kwa nguvu hayamo. Kwa karibu miaka 450 wasomaji hawakuyajua. Yalijitokeza mwaka 1934, Walter Oakeshott alipokuta mswada wa mkono katika chuo cha Winchester, miaka sita tu baada ya Edward Hicks kuchapisha mashtaka ya Nuneaton. Unaweza kusoma hapo unafiki, au toba, au mtu aliyejua vizuri wenye silaha hufanya nini. Mimi naegemea hili la tatu: katika kitabu kizima kiapo kinavunjwa tena na tena, na mara nyingi na watu wazuri.

Mswada huo pia ulimpa Eugène Vinaver, mhariri wa toleo la 1947, sababu ya kudai kwamba Malory aliandika hadithi nane zinazojitegemea, na kwamba umoja wa kitabu ni kazi ya Caxton. Hapo alivuka mpaka. Kweli Caxton alichapisha simulizi la vita vya Arthur dhidi ya Roma vikiwa vimepunguzwa zaidi ya nusu, na lawama nyingi humwangukia yeye. Lakini anguko la Lancelot, shujaa mkuu wa Arthur, mwishoni halieleweki bila yaliyopandwa mwanzoni. Tena mswada umebaki na alama za wino wa herufi za Caxton, ishara kwamba ulipita kwenye karakana yake, ingawa toleo lake halikupangwa kutoka humo moja kwa moja.

Na mswada umekatika. Karatasi nane za mwanzo na nane za mwisho zimepotea, na hizo za mwisho ndizo zingekuwa na tamko kwamba kazi ilimalizika katika mwaka wa tisa wa utawala wa Edward, yaani 1469 au mwanzoni mwa 1470. Tarehe hiyo tunayo kwa sababu Caxton, yuleyule aliyelaumiwa kwa kukata, aliichapisha.