Marekani nayo iliwahi kufunga watu kwa uchochezi

Ndugu zangu wa Dar wanaamini kwamba huku Marekani ninakoishi mtu hajawahi kufungwa kwa kumsema rais. Wamefungwa, tena miaka 7 tu baada ya Katiba kuwekewa kipengele cha uhuru wa maoni.

Julai 1798, hofu ya vita na Ufaransa ikiwa imepamba moto, chama cha Rais John Adams kilipitisha sheria ya uchochezi: ukiandika uongo wa kumchafua rais au Bunge, faini hadi dola 2,000 na jela hadi miaka 2. Makamu wa Rais, Thomas Jefferson, hakulindwa, maana alikuwa mpinzani. Na sheria ilipangiwa kufa Machi 3, 1801, siku moja kabla ya muhula wa Adams kwisha. Nia yao mimi naiona hapo: isije ikatumiwa dhidi yao wakishindwa.

Mwaka huohuo muda wa mgeni kusubiri uraia uliongezwa kutoka miaka 5 hadi 14. Wahamiaji walikuwa wakimwelekea Jefferson.

Wa kwanza kutiwa hatiani alikuwa mhamiaji: Matthew Lyon, mzaliwa wa Ireland, mbunge wa jimbo la Vermont. Miezi 4 jela, dola 1,000 faini. Wapigakura wake wakamchagua tena akiwa humohumo jela! Katika uchaguzi wa urais wa 1800 Adams alishindwa, lakini Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, walilingana kwa kura 73 za wajumbe wa uchaguzi kila mmoja, uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja. Februari 1801, katika duru ya 36, mbunge mwenzake wa Vermont hakupiga kura, na Lyon akampa Jefferson kura ya jimbo. Chama cha Adams hakikushika urais tena.

Nyumbani Tanzania, uchochezi umo kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilisema vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kwa sheria, basi, hatukuwazidi ubaya. Lakini Lyon alifungwa na bado watu waliweza kumpigia kura. Tundu Lissu alikamatwa Aprili 2025, akashtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi. Hasira iliyomng'oa Adams ilipitia kwenye sanduku la kura. Ya kwetu, siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, iliingia barabarani, na watu wakauawa.

Naomba Bunge letu livifute vifungu hivyo, na wapinzani warudishwe kwenye karatasi ya kura kabla ya uchaguzi ujao.