Shampuu haina parabeni, piko je?

Katika maduka ya Usita wa Mui, Lamu, chupa za shampuu zisizo na parabeni, kemikali za kuhifadhi, siku hizi huuzwa pamoja na vipakiti vya piko, unga mweusi wa nywele ambao wapambaji huchorea maua mwilini. Mteja huihoji chupa, na kipakiti hukibeba bila swali.

Hofu ya dawa za nywele ina msingi. Utafiti wa Marekani uliotoka Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka 11, ulikuta waliolainisha nywele kwa dawa zaidi ya mara 4 kwa mwaka wana uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi. Lakini tarakimu zenyewe ni hizi: hadi umri wa miaka 70, asilimia 1.64 kwa wasiotumia, 4.05 kwa watumiaji wakubwa. Tena uhusiano si uthibitisho wa chanzo.

Parabeni, kwa maoni yangu, zinaonewa. Kazi yake ni kuzuia ukungu na vijidudu kwenye kitu chenye maji. Majani ya mkunazi ya kuoshea nywele uliyoyaponda mwenyewe, kwa joto letu, huchacha upesi. Mafuta ya nazi husalimika kwa kuwa hayana maji. Yanalinda unywele kweli, ila hayasafishi.

Sasa piko. Hina safi hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia iliyoiva. Weusi tititi wa piko kwa kawaida hutoka kwenye PPD, kemikali ya rangi ya nywele. Ulaya huiruhusu nyweleni isizidi asilimia 2, na ngozini hairuhusiwi kabisa. Kwetu unga huo hukorogwa kibakulini, kipimo ni jicho la mpambaji, kisha maua yakachorwa hadi kwenye kiwiko. Ngozi ikiikataa, malengelenge hufuata mstari wa ua lile lile. Na ikishaikataa ni ya maisha: miaka baadaye mtu anapaka rangi mvi zake, uso unavimba.

Mpambaji naye ana lake. Piko hukauka haraka, hina hutaka saa kadhaa, na wateja wake wengi hawadhuriki. Ni kweli. Wala hina si ya kila mtu. Mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hina inaweza kumharibia damu.

Hata hivyo, mwenye uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu nyumbani aiache shampuu yake, aanze na piko ya watoto ya Idi.