Jumapili Tena, Shemeji?

Shemeji ametuma ramani nyingine. Mtu nimetoka zamu ya usiku, alfajiri yenyewe haijapambazuka, hata viatu sijavua, simu inalia: "Shem, Jumapili tunaanzia Edale. Safari hii njia laini kabisa." Chini yake kapachika mchoro wa vilima tutakavyopanda kwa baiskeli. Ule mstari ukimwonyesha daktari wa moyo, anakulaza hapo hapo.

Lakini ramani ningeinyamazia. Kilichoniudhi ni mke wangu kuichungulia begani kwangu na kusema, "Nenda, kitambi kipungue." Kitambi! Hiki kitambi kimejengwa kwa wali wa nazi na subira. Kwetu Tanga mwanamume wa umri wangu akikosa kitambi, ndugu wanaanza kuulizana pembeni kama ndani ya nyumba kuna amani. Leo niko Sheffield, Uingereza, heshima yangu inaitwa ugonjwa.

Na tusije tukadhani mimi na baiskeli tumekutana Ulaya. Nimezaliwa Ngamiani, mtaa wa Tanga, mji ambao baiskeli zake ukizihesabu unalala. Nilianza kubebwa kwenye bomba la mbele kabla sijaota meno, nikajifunza kuendesha kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu ya Phoenix ya baba kwa sababu kiti kilikuwa juu kwa wenye vyeo. Kwenye keria nimepakia nazi, mkaa, mgonjwa wa malaria, na bibi harusi mmoja ambaye mpaka leo hajanishukuru. Kwa hiyo baiskeli naijua. Unapanda, unafika ulikokuwa unakwenda, unashuka. Na Tanga mjini ni tambarare, Mungu alitufikiria. Ukitamani milima unakata tiketi ya Lushoto, na kule basi ndilo linalohema.

Sasa njoo huku. Mtu anafunga baiskeli juu ya gari, anaendesha gari mpaka chini ya mlima, anateremsha baiskeli, anapanda mlima, anashuka upande wa pili, anazunguka siku nzima kwenye mvua, halafu anarudi pale pale alipoacha gari. Nilimuuliza shemeji, tunakwenda wapi? Akasema, "Tunazunguka tu." Wapi? "Tu."

Eneo lenyewe ni Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951, na wenyewe wanaipenda kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 1932 vijana wa viwandani walivamia mlima wa Kinder Scout, maana mabwana wenye ardhi walikuwa wameufunga ili wawinde ndege wao kwa raha. Watano wakapelekwa jela. Jela, kwa kudai kupanda mlima! Miaka hiyo hiyo babu yangu alikuwa anakimbilia milima ya Usambara kukwepa kodi ya kichwa, na serikali hiyo hiyo ya Mwingereza inatuma askari wakamteremshe.

Safari iliyopita tulianzia Castleton. Kijiji sina ugomvi nacho: nyumba za mawe, kijito, magofu ya ngome ya Wanormani juu ya jabali. Ugomvi wangu ni kutoka. Zamani kulikuwa na barabara ya kistaarabu iliyopanda kwa kuzunguka chini ya mlima wa Mam Tor, ila mlima huo hautulii, udongo wake unaporomoka kila mvua zikizidi. Wakakarabati, ukaporomoka. Wakakarabati tena, ukaporomoka tena. Mwaka 1979 wakanyoosha mikono, wakaifunga kwa magari moja kwa moja. Watu waliotandaza reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria wakashindwa na kilima cha mita 517. Na matokeo ya kushindwa kwao nayalipa mimi, kwa sababu sasa wote mnaotaka kwenda upande ule mnapenyezwa Winnats Pass, korongo lenye majabali ya chokaa kulia na kushoto na mwinuko wa asilimia 20. Upepo nao unateremka huku wewe unapanda.

Chini kabisa ya korongo kuna pango la Speedwell. Watu wanalipa, wanakalishwa kwenye boti, wanaingizwa ndani ya mlima wakiwa wameketi. Niliwakuta kwenye foleni, wamevaa makoti yao makavu. Tukaangaliana. Nikasema hapa kuna watu waliosoma.

Shemeji alishatangulia na ile kaptula yake ya kubana, vazi ambalo kwa adabu zetu mtu na shemeji yake hawapaswi kuonana nalo. Mimi nikashuka, nikaanza kusukuma baiskeli taratibu, mkono mmoja kiunoni, nikitazama mandhari kwa makini ya mtu aliyetumwa na wizara. Ndipo nyuma yangu nikasikia, "Morning!"

Mzee. Nasema mzee, mwenye umri wa kupewa shikamoo na mwenyekiti wa mtaa. Ndevu nyeupe, soksi za sufu mpaka gotini, baiskeli ya chuma ambayo nadhani walizaliwa pamoja. Nikaikagua haraka haraka kutafuta betri. Haina. Ina mkoba wa turubai na chupa ya chai.

Basi, mzee wa namna hiyo akikupita kwenye mlima unamwamkiaje? Adabu inataka uiname kidogo. Mimi nilikuwa nimeshainama, ila kwa sababu nyingine. Nikasubiri apite nibaki na aibu yangu. Hakupita! Akapunguza mwendo, akawa anaendesha sambamba na mimi ninayetembea, hatii mguu chini, hayumbi, anataka mazungumzo.

"Unatoka wapi, kijana?"

"Sheffield."

"Kwenu hasa?"

"Tanzania."

"Kilimanjaro!" Uso ukamwaka. Kumbe alipostaafu alikwenda kuupanda, njia ya Machame, na akaamua kunipandisha tena palepale, kambi moja baada ya nyingine: Shira, Barranco, Karanga, Barafu, Stella Point, mpaka Uhuru, mita 5,895. Kila kambi anayoitaja mimi natafuta pumzi ya kusema "ah!" ya heshima, siipati, natoa mluzi. Alipofika kileleni akaniuliza, "Na wewe ulipitia njia gani?"

Nikamwambia nilipitia Moshi, kwenye basi la Arusha, dirisha la kulia, na mlima siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu.

Akanyamaza kidogo, kwa huzuni. Nikajaribu kumweleza kuwa ule ni mlima wa wageni, unalipiwa dola, sisi wenyeji tunauona kwenye lebo ya bia na hatulalamiki. Maneno yakatoka nusu nusu. Akaona anibadilishie mada. "Lakini ninyi kwenye baiskeli ni hatari. Yule Froome!" Mzee wangu, Froome alizaliwa Nairobi, kashinda Tour de France mara nne, mimi ni wa Tanga, na nchi hizo mbili zina mpaka, forodha na ugomvi wa mahindi. Hakusikia. Alikuwa ameshafika mwaka 2014, Tour ilipoanzia Yorkshire na kupita kaunti hii ya Derbyshire hadi Sheffield, alivyosimama barabarani na mke wake tangu asubuhi. Kutoka hapo akaingia 2021, mashindano ya taifa ya kupanda milima yalipofanyika kwenye korongo hili hili, juu ya lami hii hii niliyokuwa nataka kuilalia.

Wakati huo nyuma yetu magari yamepanga foleni. Gari la kwanza kuna mtoto kiti cha nyuma, anakula kripsi, ananitazama bila kupepesa. Kondoo nao wametoka majanini wakasimama katikati ya barabara. Hawaogopi gari, hawaogopi honi. Mmoja alinikazia macho mpaka nikampisha mimi.

Ndipo mzee akasema kile alichofundishwa na wapagazi wa Kilimanjaro. Akanigeukia, akatabasamu, akaniambia kwa Kiswahili: "Pole pole!"

Pole pole! Mimi! Ningepunguza zaidi ya pale ningekuwa narudi Castleton.

Na hakuishia hapo. Akanyoosha mkono, akaniwekea kiganja mgongoni, akaanza kunisukuma. Anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili unanisukuma mimi, na baiskeli yangu naisukuma mimi. Nikaona Ngamiani nzima imejipanga juu ya majabali, shangazi zangu wamejifunga kanga, wanatazama babu wa watu anavyombeba kijana wao.

Hapo sitanii tena. Wiki nzima kazi yangu ni kuwanyanyua wazee wa rika lake, kitandani hadi kitini, kitini hadi bafuni, mgongo unalia. Nina siku moja. Moja! Ya kulala, ya kula pilau, ya kupiga simu nyumbani nisikie nani anadai ada. Siku hiyo ndiyo ninayotakiwa kwenda kutafuta uchovu mlimani, tena kwa kuulipia! Yule jamaa anayesukuma baiskeli ya machungwa kutoka Muheza, jua la saa saba, tairi limefungwa mpira, mpigie simu umwambie kuna watu wananunua baiskeli ya paundi elfu tatu ili wahisi anavyohisi yeye. Atakuuliza kama wanaweza kupita kuchukua na machungwa.

Yaliyobaki siyasimulii. Yale mabomba ya chuma yaliyolazwa barabarani juu ya shimo kuzuia kondoo, yaliniwekea meno upya. Tideswell tulipata mvua. Mteremko wa Miller's Dale nilishuka breki zote mbili nimezikamata na dua ya safari nimeianza upya mara kadhaa. Baa tuliyoikuta jiko lilikuwa limefungwa saa nane mchana, eti muda wa chakula umepita. Njaa yangu haikuwa na taarifa hiyo.

Sehemu pekee ya kibinadamu ni Monsal Trail, iliyokuwa njia ya reli, sasa ni ya baiskeli, imenyooka, mahandaki yake yalifunguliwa 2011 na ndani yana taa. Nikamwambia shemeji, kwa nini hatukuanzia hapa tukaishia hapa? Akasema hii ni ya watoto. Basi mimi ni mtoto.

Mwisho wa njia hiyo ni Bakewell, ambako maduka yanagombania nani mwenye mapishi asili ya pudini yao. Nikaingia mojawapo, nikaagiza ya mezani. Tamu, sikatai, ila bei yake Tanga unaandaa khitma. Aliyelipa mimi. Chai mimi. Tyubu ya shemeji ilipopasuka, ya akiba ilikuwa yangu, na pampu yangu, na aliyepiga magoti kwenye tope mimi. Mpaka leo hajanirudishia hata senti ya tyubu. Nikimdai, dada yake anadakia kutoka jikoni kuniuliza ile mahari niliyobakiza naimalizia lini.