Mirathi: ukali uko mlangoni tu

Kaa na familia iliyofiwa miezi mitatu iliyopita utasikia mahakama inavyosemwa. Benki imewajibu kwamba hailipi bila barua ya usimamizi, yaani idhini ya mahakama ya kumteua mtu asimamie mali ya marehemu. Mahakama nayo inataka cheti cha kifo, wosia kama upo, majina ya warithi wote na wadhamini, kisha tangazo litoke na watu wangoje kuona kama kuna mwenye pingamizi. Mali ni yetu, wanasema, hakuna anayegombana, safari zote hizi za nini?

Wana hoja. Ujerumani warithi huingia kwenye mali na madeni ya marehemu papo hapo anapofariki, bila kungoja msimamizi ateuliwe. Asiyetaka kubeba madeni ana wiki 6 za kuukataa urithi. Cheti cha mahakama hutafutwa pale tu kinapodaiwa.

Ila hiyo "hakuna anayegombana" huwa ni kauli ya yule aliyefika mahakamani. Uchukue muhtasari wa kikao cha familia uutazame vizuri: saini saba, wino mmoja, na mbili kati yake zina mkia uleule. Mtoto wa nje hayumo. Tangazo hilo linalochukiwa ndilo linaloweza kumfikia yeye ambaye hakuitwa kikaoni, pamoja na mtu aliyemkopesha marehemu, ambaye kisheria hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote.

Kwa hiyo niko upande wa mahakama, lakini nusu tu. Sheria kuu za mirathi za India na Tanzania, zenye asili ya Kiingereza, zinamtaka msimamizi apeleke orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 6 tangu ateuliwe, na hesabu ndani ya mwaka 1, isipokuwa mahakama impe muda mwingine. Anayemfuatilia mara nyingi ni mrithi mwenyewe, na huyo huenda anaishi kwenye nyumba ambayo msimamizi wake ni kaka yake. Atalalamika vipi? Msimamizi anakusanya kodi ya wapangaji, akiulizwa anajibu "bado nashughulikia", na huo ni mwaka wa nne.

Mimi ningepunguza wadhamini na safari kwa mali ndogo isiyo na mgogoro, kisha faili liitwe lenyewe siku miezi 6 inapotimia, awepo wa kulalamika au asiwepo.