Kina Kilichoniumbua

Kwa kuwa swahiba wangu wa Tanga, niliyemsimulia kwa siri, amekwisha kutangaza katika kundi letu kwamba nimemtongoza mke wa mtu mbele ya mumewe, naona afadhali nieleze mwenyewe yaliyotokea juzi, kabla habari haijamfikia mama.

Juzi ilikuwa tarehe 5 Desemba, jioni ambayo Waholanzi hupeana zawadi za Sinterklaas, yule askofu mzee mwenye joho jekundu ambaye watoto huambiwa kwamba huja kwa meli kutoka Hispania. Wanafamilia hupiga kura, kila mmoja hupata jina la mtu wa kumnunulia zawadi, kisha humtungia shairi la utani lisilotaja mtunzi, kwani mtunzi ni Sinterklaas mwenyewe. Mimi, mgeni wa mwanafunzi mwenzangu hapa Leiden, niliangukiwa na jina la mama yake. Mtoto wa pwani aogope shairi? (Msicheke bado.)

Zawadi yangu ilikuwa saa ya kengele, ambayo kwao huitwa wekker. Nikatafuta neno la kulingana nalo kwa kina, likanijia lekker. Waholanzi hulitumia neno hili kila mahali: supu ya njegere ni lekker, jua ni lekker, usingizi ni lekker, hata kuendesha baiskeli ni lekker. Nikaandika mizani nane kwa nane, bila kupungua wala kuzidi:

Elke ochtend gaat de wekker,
en mevrouw is altijd lekker.

Nilikusudia kusema kwamba kila asubuhi saa hulia, na mama siku zote ni mchangamfu.

Nisichoambiwa ni kwamba mpokeaji ndiye hulisoma shairi kwa sauti, mbele ya wote. Mama akavaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza, watu wakatabasamu. Mimi nilikuwa nimejaza kinywa vibiskuti vya msimu huu, vile vidogo vya mviringo vinavyonukia mdalasini na karafuu. Akafika mstari wa pili, akasita. Akaupitia kimoyomoyo, midomo ikicheza, akamtazama mumewe, kisha akausoma hadi neno la mwisho ambalo, nilikuja kuelezwa baadaye, likitumiwa kwa mtu halimsifu uchangamfu, bali husema kwamba anatamanisha. Kimya. Vibiskuti vikageuka mchanga. Nami, kwa kutojua kosa langu, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mshairi anayepokea tuzo. Ndipo bibi wa nyumba hiyo, ambaye masikio hayamsaidii sana, alipouliza, "Wat is ze?" yaani, yukoje? Mjukuu wake, huyohuyo aliyenialika, akamwinamia sikioni na kupaza sauti: "LEKKER, oma!"

Baba mwenye nyumba, mtu mrefu asiye na maneno mengi, akaigeuzageuza ile saa mkononi, akasema, "Dat klopt." Ni kweli.

Wakacheka, nikaeleweshwa, nikaomba radhi mara tatu, nikapewa herufi ya chokoleti ya jina langu, nikaondoka na baiskeli kwenye mvua.

Jana nilirudi kuchukua kofia niliyoisahau, nikaomba kwenda msalani. Waholanzi wengi hutundika huko kalenda ya siku za kuzaliwa za jamaa zao. Kando ya kalenda hiyo limebandikwa shairi langu, na chini ya sahihi ya Sinterklaas mtu ameongeza, kwa kalamu nyekundu, jina langu kamili.