Jamani, Sikumtilia Baba Mkwe Limbwata

Naandika mwenyewe kabla habari haijavuka Masasi. Najua wengi mmeshaipata kwa yule rafiki yangu nisiyemtaja, aliyekaa mkeka ule ule, akala sinia lile lile, akashiba, akaaga vizuri, halafu usiku akatupia sauti kwenye kundi la mtaa: "Oyaa, jamaa kamtilia baba mkwe limbwata." Limbwata! Mahari nilishatoa, mke ninaye ndani, watoto wanasoma. Baba mkwe nimtilie limbwata anipende ili iweje?

Chanzo ni atichoki. Mlioanza kunifuata tangu kipindi kile cha stroberi kwenye ndoo mnanijua, msijifanye mnashangaa. Atichoki ni mmea wa miiba, zao la Wataliano, Wahispania na Wamisri. Kinacholiwa ni kitumba cha ua kabla hakijachanua, kitu cha ukubwa wa ngumi, magamba juu ya magamba. Shida yake haitoi kitumba mpaka ipigwe na baridi ya chini ya nyuzi 10, tena kwa siku kadhaa mfululizo. Baridi hiyo hapa Mtwara unaipata wapi? Sisi Julai, kusi ikivuma, mtu anajitanda kanga mbili anasema leo nakufa.

Dawa yake ni friji. Mbegu unazichanganya na mchanga wenye unyevu, unazilaza humo ubaridi uingie. Zangu zililala nyuma ya dagaa na barafu za ukwaju anazouza mke wangu. Kuna mtoto mmoja alirudisha barafu akidai ina mchanga. Kesi hiyo iliisha kifamilia.

Kupanda nikasubiri mvua zikatike, maana maji yakituama tu shina linaoza. Nikainua matuta, nikatandaza majani ya mkorosho, nikaweka kivuli cha makuti kwa lile jua la mchana. Mashina mengi yakaoza vile vile. Machache yakatoa majani makubwa ya kijivu yenye nakshi, na majirani wakawa wanasimama getini: "Wenzio tunapalilia korosho, wewe unapalilia miiba?" Nikavumilia. Korosho zilipoanza kudondoka, vitumba vikatokea. Vidogo, na kwenye joto letu ukikiachia kidogo tu kinafunguka na kuwa kigumu, kwa hiyo nikavikata vikiwa bado vimefumba. Siku hiyo hiyo wakwe wakateremka kutoka Newala.

Mapishi siyaonei aibu hata kidogo. Nilikata ncha, nikapaka ndimu kwa sababu ukikata tu inageuka nyeusi, nikachemsha kama dakika 40 mpaka gamba ukilivuta linakuja lenyewe. Pembeni tui zito la nazi lenye kitunguu saumu na pilipili. Nikawafundisha watu: chomoa gamba, chovya, kwangua ile nyama ya chini kwa meno, tupa. Ukifika katikati kuna manyoya. Hayo hayaliwi, yakwangue kwa kijiko, chini yake ndipo penye utamu. Wote wakaelewa.

Baba mkwe wakati huo alikuwa msikitini.

Akarudi, akanawa, akakaa mbele yangu. Sasa nyie mliooa mtanielewa: mkwe hafundishwi kula. Utamwambia nini? "Baba, hilo tema"? Akachomoa gamba, akalitazama pande zote mbili, akasema bismillah, akaliweka lote mdomoni.

Akatafuna.

Nikaangalia mkeka. Akatafuna. Shemeji yangu akaacha kutafuna. Rafiki yangu yule, Mungu anamwona, akaniminya goti. Taya la mzee linapanda, linashuka, shingo inajikaza, mshipa wa kipajini unatoka, macho yanatafuta pa kushika. Akameza. Nililisikia lile gamba likishuka. Nikafikiri basi, ametosheka. Kumbe mzee ana heshima zake, chakula cha mkwe hakiachwi. Akakichukua kitumba kizima, akakipasua katikati, akaona yale manyoya, labda akadhani ni kitu kama dafu, akayazoa na kidole, akayatia mdomoni.

Kikohozi kile kilitoa kuku chini ya tenga.

"Maji! Mpeni Baba maji!" Akapewa kikombe. Akanywa, akatulia. Akanywa tena, taratibu. Akakishusha kikombe, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ale harusi yangu.

"Maji haya mmetia nini?"

"Hamna kitu, Baba."

"Matamu."

Kumbukeni huyu ni mzee wa Newala, kule juu ambako zamani maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa na watu kichwani. Humdanganyi ladha ya maji. Akaagiza mengine, moja kwa moja kutoka mtungini, mbele ya macho yake. Akaonja. Matamu. Akanisogezea kikombe: "Onja wewe."

Nikaonja. Wallahi yalikuwa matamu kama yametiwa sukari, na mimi kwa kiherehere changu nikasema, "Kweli Baba, matamu." Shemeji naye akaonja. Matamu. Akaitwa Mama mkwe kutoka uani, ambaye hilo dude hakuligusa kabisa. Akanywa, akafuta mdomo kwa kanga. "Mbona maji ya siku zote tu haya?"

Kimya. Mzee akahesabu watu kwa macho: waliokaa na mimi, na wasiokaa na mimi. Akavuta fimbo yake.

Yaliyofuata ni haraka haraka. Mpwa wangu akaisoma simuni: atichoki ina kitu kinaitwa sainarini, kinaushika ulimi, ukinywa maji baada yake unaona utamu, ingawa si kila mtu humtokea. Mzee akasema simu nayo ni yangu. Wakaondoka na basi la kesho yake alfajiri, wamenunua maji ya chupa stendi. Mke wangu ananijibu kwa "mmh" mpaka leo.

Sasa wewe mwenye sauti zako kwenye kundi, isambaze na hii. Jana shemeji kapiga simu kwa kunong'ona. Mzee hospitali walimkataza sukari, chai anakunywa kavu kwa manung'uniko, na amemtuma aniulize kama lile dude la miiba limebaki, ila Mama asijue. Nimemwambia kimebaki kimoja, manyoya nitayatoa mwenyewe, na nauli ya bodaboda mpaka stendi ni juu yake.